Gesi ya AC haiishi, inavuja

Wacha niseme hii kitu moja kwa moja, atakayekasirika akasirike: hakuna gari iliyowahi "kumaliza gesi" ya AC. Petroli huisha kwa sababu injini inaichoma. Gesi ya AC haichomwi popote. Inazunguka tu ndani ya mabomba yaliyofungwa kila upande. Inatoka kwa kompresa, inapoa kwenye kondensa kule mbele ya redieta, inapita kwenye kavali kadogo, inafyonza joto nyuma ya dashibodi, halafu inarudi kwa kompresa kuanza upya. Miaka nenda, miaka rudi. Ni kama damu. Mtu akiletwa hospitali damu imepungua, na daktari amwongezee bila kuuliza anavujia wapi, huyo utamwita daktari?

Basi mbona fundi akifanya hivyo tunamwita fundi?

Jaribu tu hapa Nakuru. Ingia gereji, sema "AC haitoi baridi." Mara nyingi hujamaliza sentensi, mtungi ushaletwa. "Ni gesi imeisha, bosi. Tujaze?" Hajafungua boneti. Hajagusa bomba. Hajauliza shida ilianza lini. Na sisi tunajibu nini? "Jaza, niko na haraka."

Najua hii stori kwa sababu imetupata nyumbani. Mjomba wangu ni dereva wa teksi ya kuitwa kwa simu. Anazungusha watu Milimani, Section 58, Lanet, na wikendi ikiwa nzuri anapata safari ya Marigat. Sasa, hapa mjini tuko juu, kama mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, unaweza kufungua dirisha maisha yaendelee. Lakini ukishavuka ikweta pale Mogotio ukianza kushuka kuelekea Baringo, joto linakupokea kama mtu unayemdai anavyokukwepa, ila hili halikukwepi. Mteja amekaa nyuma na suti, anakuuliza, "Dereva, AC iko?" Ukisema haiko, safari ya kurudi anaita mtu mwingine.

AC ya mjomba iliacha kutoa baridi. Akajaziwa gesi, 2,500. Wiki tatu, hewa moto tena. Akajaza, 2,500. Mara ya tatu, mara ya nne. Hiyo ni 10,000 imeruka hewani, na ninamaanisha hewani kabisa. Halafu kompresa ikaanza kulia kama inasaga mawe, ikafa. Kompresa ya mtumba pamoja na kuifunga, 18,000. Huyo fundi aliyeifunga, kijana tu wa rika letu, ndiye wa kwanza kuuliza swali: "Kwanza hii gesi ilikuwa inaenda wapi?" Akapaka povu la sabuni kwenye viungio. Povu likaanza kuchemka pale bomba linapoingia kwa kondensa. Kamepira kadogo ka duara kalikuwa kamekauka kakapasuka. Bei yake, shilingi 100.

Elfu ishirini na nane, kwa sababu ya mpira wa mia moja.

Nikamuuliza, "Mjomba, kwani wale wote wanne hawakuuliza inavujia wapi?"

Akanyamaza kidogo, akasema, "Hata mimi sikuwauliza, mjomba."

Hiyo jibu ndiyo imenifanya niandike hii posti.

Lakini kwanza tuelewe kwa nini kompresa ilikufa, kwa sababu hapa ndipo watu hudhani ni bahati mbaya. Kompresa haina oili yake imekaa chini kama injini. Oili yake husafiri na gesi. Gesi ikipungua, oili inabaki imelala kwenye mabomba huko mbali, hairudi vizuri. Na pale gesi inapovujia, oili nayo inatoka. Ndiyo maana ukiona sehemu ya bomba la AC iko na uchafu wenye mafuta, vumbi limeganda hapo kama ugali kwenye sufuria, hapo ndipo pa kushuku kwanza. Kila mara mjomba alipojaziwa gesi bila kuzibiwa tundu, alikuwa analipa ili kompresa yake ife polepole.

Wako watakaoniambia, "Lakini hata gari mpya gesi hupungua." Kweli. Mipira ya AC hupumua kidogo kidogo, na baada ya miaka mingi utahisi baridi imepungua. Sibishi. Lakini miaka si wiki tatu. Gesi ikiisha kabla hujamaliza kulipa ada ya muhula, hiyo si kupumua, hiyo ni tundu.

Na si kila AC inayotoa hewa moto iko na shida ya gesi. Haya mambo unaweza kuangalia mwenyewe kabla hujatoa hata bob moja.

Anza na upepo. Ni mchache ama ni mwingi lakini moto? Ukiwa mchache, shida inaweza kuwa filta ya ndani. Kwa magari mengi iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria. Vumbi la Nakuru mnalijua. Kuna watu wamejaziwa gesi mara mbili, na filta yao inafanana na blanketi ya mbwa.

Upepo ukiwa mwingi lakini moto, washa injini, fungua boneti, mwambie mtu abonyeze AC. Kwa magari mengi tunayoendesha hapa utasikia "ta!", na sahani ya mbele ya kompresa ianze kuzunguka na puli. Isiposhika, inaweza kuwa fyuzi, rilei, waya umekatika, ama gesi iko chini sana mpaka swichi ya usalama imekataa kompresa iwake. Fyuzi haijazwi gesi.

Halafu jiulize shida inakuja wakati gani. Ikiwa inatoa baridi ukitembea kuelekea Gilgil lakini ukikwama kwenye msongamano wa Kenyatta Avenue inageuka kuwa hewa ya jikoni, angalia feni ya kondensa, na uangalie kondensa yenyewe kama imezibwa na matope na wadudu. Gari ikitembea, upepo wa barabara unasaidia. Ikisimama, feni ndiyo kila kitu.

Baada ya hapo ndio zije geji, na fundi anayejua kazi hufunga zote mbili, ya buluu na ya nyekundu. Zote zikisoma chini, gesi ni kidogo, na swali ni imeenda wapi. Buluu ikipanda na nyekundu ikishuka, kompresa pengine imechoka kusukuma. Zote zikiwa juu, huenda gesi imezidi, ama kondensa haipoi. Ndiyo, gesi ikizidi AC pia inakosa baridi. Yaani kuna mtu sasa hivi anaongezewa gesi kwenye gari ambayo shida yake ni gesi nyingi. Na injini ikiwa imezimwa, geji haiwezi kukuambia ziko gramu ngapi ndani. Chupa ya gesi ya kupikia iliyojaa na iliyo nusu ziko na presha sawa kukiwa na joto moja. Kiasi kinajulikana kwa mizani. Magari mengi yako na stika chini ya boneti imeandikwa aina ya gesi na gramu zinazotakiwa. Ukiona mtu anajaza "kwa kusikia mkono", jua umekuwa daftari lake la mazoezi.

Sasa niwape kitu cha sisi watu wa huku juu. Baada ya kuziba tundu, fundi anafaa kufunga pampu inyonye hewa na unyevu wote kabla ya kujaza, halafu azime pampu angoje aone kama sindano ya geji itarudi. Ikirudi, bado kunavuja ama kuna unyevu. Vitabu vingi husema sindano ifike karibu na inchi 30. Hiyo namba ni ya Mombasa, usawa wa bahari. Hapa Nakuru hewa ni nyepesi, na hata pampu nzuri kuliko zote haitapita kama inchi 24. Ni sababu ile ile inayofanya maharagwe ya hapa yachelewe kuiva kuliko ya pwani. Fundi aliyekariri 30 atasema pampu imeharibika, ama atatafuta tundu ambalo haliko. Fundi anayeelewa atajua ni mlima. Kukariri na kuelewa zinafanana mpaka siku umehamia mahali kwingine.

Na hapa ndipo nataka tugombane.

Ni rahisi sana kusema mafundi ni wezi. Ni rahisi, na inatupendeza, kwa sababu inatuacha sisi safi. Lakini fikiria fundi mkweli. Amekaa saa nzima na gari yako. Amepaka sabuni, amesoma geji, amekuambia, "Boss, gesi usiongeze, shida ni rilei ya mia nne." Akisema "ya kazi, nipe elfu moja," wewe unasema nini? "Elfu moja ya kuangalia tu?" Si ndio? Unamlipa mia mbili ya chai kwa uso umekunja. Lakini jirani yake aliyekuja na mtungi ukapiga "fsss" kwa dakika kumi, huyo ulimlipa 2,500 na ukasema asante.

Tunalipia kelele za mtungi, hatulipii akili. Halafu tunashangaa mbona mitungi imejaa na akili imepotea.

Tulishafanya makosa haya na miili yetu. Kulikuwa na wakati kila homa ilikuwa malaria, unameza dawa bila kupimwa. Mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani likasema wazi: pima kwanza, ndio utibu. Leo ukienda kliniki unalipia kipimo kabla ya dawa, na hakuna anayemwambia wa maabara "kwani umefanya nini, si umeangalia tu?" Kuangalia ndio kazi yenyewe.

Na tundu la mjomba halikumuumiza yeye peke yake. Gesi iliyo kwenye magari mengi ya hapa inaitwa R-134a. Kilo moja yake ikitoroka, inapasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya moshi wa kaboni. Gramu 400 tu, ambazo ni AC ya gari ndogo, ni kama umechoma zaidi ya lita 170 za petroli bila kwenda popote. Mjomba alijaza mara nne. Mwaka wa 2016 nchi za dunia zilikutana Kigali, hapa hapa jirani, zikakubaliana kupunguza gesi za aina hii. Makubaliano mazuri. Lakini hakuna karatasi ya Kigali itakayoziba tundu la gari ya mjomba wangu. Hiyo inazibwa na mtu mwenye povu la sabuni na mteja mwenye subira.

Kwa hivyo ninaomba mambo mawili tu.

Wewe mwenye gari, ama unayetumwa na mzazi kupeleka gari gereji: kabla mtungi haujafunguliwa, uliza, "Fundi, inavujia wapi?" Akikosa jibu, mwambie atafute, na umwambie utalipia kutafuta. Mpatane bei ya kupima kabla hajaanza. Umlipe hata kama amepata kitu kidogo. Hasa kama amepata kitu kidogo.

Na wewe unayejifunza kazi gereji, najua mko wengi mnasoma hii: usikubali kuwa mtu wa mtungi. Mtungi yeyote anaweza kuufungua. Siku ukiweza kumwambia mteja "usijaze, shida yako ni hii," na ukamwonyesha kwa kidole, hutahitaji kuita wateja barabarani.

Mjomba siku hizi anaenda Marigat na dirisha limefungwa. Geji ilipimwa tena juzi, haijasonga. Yule kijana wa sabuni alimlipa 1,500 ya kutafuta tu, bila kubishana. Mjomba anasema ndiyo pesa pekee ya AC aliyotoa mwaka huu ambayo haikuvuja.