Basi Letu Linahitaji Msasa Kwanza
Mvua ikinyesha, siti za dirishani kwenye basi letu la safari za mafunzo hazina mwenyewe. Safari iliyopita daftari langu lililowa, data za wiki mbili zikaenda na wino. Kila mwaka inapakwa silikoni mpya juu ya ile kuukuu, halafu tunashangaa linavuja. Jamani, silikoni haishiki kwenye vumbi wala kutu! Kitolewe kioo, ing'olewe raba iliyokauka, fremu ipigwe msasa na rangi ya kuzuia kutu, ndipo iwekwe raba mpya. Vile vitundu vya chini vya kutolea maji vizibuliwe, visizibwe. Wengine wanasema tusubiri basi jipya. Sawa, ila masika hayasubiri. Tuanze Jumamosi, msasa nitaleta mimi.