Madalali wa vyombo vya bahari wamulikwe



Nina dukuduku juu ya watu wanaojiita madalali wa vyombo vya bahari huku kwetu pwani ya kusini. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kilwa. Si mvuvi, na mashua nimeipanda kama abiria tu. Lakini mwalimu wa kijijini ndiye anayeletewa kila karatasi aisome, na kwa miaka michache niliyokaa hapa nimeletewa hati za mauzo ya vyombo za kutosha kunifanya niseme.

Wananchi wengi wa huku hawanunui chombo kipya. Mbao nzuri ni ghali, mafundi wa kuunda mashua ni wachache na wanazeeka, na zile boti za faiba ambazo Serikali imekuwa ikivikopesha vikundi vya wavuvi bado hazijamfikia kila anayezihitaji. Kwa hiyo mtu akitaka chombo hutafuta kilichokwishatumika, na hapo ndipo dalali anapojitokeza.

Kwanza niseme wazi kwamba udalali wenyewe si dhambi. Mtu wa Kivinje atajuaje kwamba kuna mashua inauzwa Songosongo, au Somanga, au ng'ambo kule Mafia? Nauli peke yake ya kuzunguka bandari zote hizo inatosha kumfilisi kabla hajanunua. Anayemkutanisha mwenye chombo na mwenye fedha amefanya kazi, na kila kazi ina ujira wake. Ninayempinga mimi ni dalali asiyewakutanisha. Siku hizi udalali umegeuka kuwa ukuta: mnunuzi yuko upande mmoja, mwenye mali yuko upande wa pili, na dalali amekaa juu akimwambia kila mmoja anachotaka yeye asikie.

Nitatoa mfano. Kikundi cha vijana kumi wa kijiji chetu kilipata mkopo wa halmashauri wa Shs. 10,000,000/= katika ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo, kama wasomaji wanavyokumbuka, ilisimamishwa mwaka 2023 na ikarejeshwa mwaka 2024. Haina riba, lakini ni deni, na kila mwezi rejesho linangojewa. Vijana walipanga wanunue mashua yenye mashine ya farasi 15, na fedha itakayobaki wanunue nyavu.

Dalali mmoja akawaambia ipo. Mwenye mali, akasema, ni mtu mzima mwenye hasira, hapendi kusumbuliwa na watoto, na akiona watu wengi bei itapanda. Wamwachie yeye. Bei ikatajwa Shs. 8,500,000/=, na ujira wa dalali asilimia 10, yaani Shs. 850,000/=. Akadai arubuni siku ileile kwa maelezo kwamba kuna watu wa Mafia wamekwisha panda chombo wanakuja na fedha taslimu. (Hao watu wa Mafia nimewasikia katika kila mauzo niliyoletewa karatasi zake. Sijapata kusikia wamefika.) Vijana wakalipa.

Miezi mitatu baadaye wakakutana na yule muuzaji msibani. Hakuwa na hasira yoyote. Ni mtu mpole, na ndiye aliyeanza kuwauliza kama chombo kinawafaa kwa ile Shs. 6,000,000/= waliyotoa. Hapo ndipo wakaniletea karatasi yao. Ilikuwa na saini ya dalali chini ya maneno ‘nimepokea', na jina la muuzaji halikuwamo hata mara moja.

Hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Vijana walitoa Shs. 9,350,000/= kwa jumla. Muuzaji alipokea milioni 6, na katika hizo akamlipa dalali Shs. 300,000/= za asante, akabakiwa na Shs. 5,700,000/=. Zilizobaki, Shs. 3,650,000/=, ni za mtu ambaye hakuunda mashua, hakuivulia, wala hatailipia deni. Hicho ndicho kinachoitwa ‘cha juu'. Fedha ya nyavu iliyobaki kwa vijana ni Shs. 650,000/=.

Watu husema, kwani walilazimishwa? Si waliridhika na bei? Nami najibu kwamba mtu hawezi kuridhika na jambo alilofichwa. Na wanaodhani cha juu ni haki ya dalali wajue kwamba sheria ya nchi haisemi hivyo. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ina sehemu nzima juu ya wakala na yule aliyemtuma. Wakala akijifanyia biashara yake ya pembeni katika kazi aliyotumwa, pasipo aliyemtuma kujua, aliyemtuma anayo haki ya kudai faida hiyo. Kwa hiyo mwenye chombo naye ameibiwa, ila yeye hajui. Kila upande unamwita dalali ‘mtu wangu', kumbe yeye ni mtu wa mfuko wake.

Kama hasara ingekuwa bei tu, labda nisingechukua kalamu. Ukuta ule unaficha mambo mengine. Yule mpole aliyeuza hakuwa mwenye mali peke yake. Mashua ilikuwa ya marehemu baba yake, na kuna dada wawili na mdogo wao ambao hawakuulizwa. Hakuna msimamizi wa mirathi aliyewahi kuteuliwa na mahakama. Ndugu hao waliposikia wakaja kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji, na tangu siku hiyo mashua imepandishwa pwani mpaka shauri liishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nayo iko wazi: kwa kawaida mtu hawezi kumpa mnunuzi haki ambayo yeye mwenyewe hana. Lau vijana wangekaa na muuzaji yule kwa kikombe kimoja cha kahawa, wangeyajua yote hayo, maana ni mtu asiyejua kuficha. Dalali aliwanyima kikombe hicho kwa sababu ya milioni mbili na nusu zake.

Sasa niseme kidogo juu ya kukagua chombo, kwa jinsi nilivyofundishwa na wazee wa hapa, kwani dalali ana ujanja wake pia katika hilo. Yeye hupenda kukuonyesha mashua wakati maji yamejaa, inaelea, imepakwa rangi mpya, tanga jeupe. Usikubali. Ngoja bamvua, maji yatoke kabisa, chombo kikae mchangani, ukizunguke kwa miguu yako. Angalia mkuku kama umenyooka. Pitisha ncha ya kisu kwenye mataruma, hasa kule ndani chini kunakokaa ngama, maana uozo huanzia pasipoonekana na rangi mpya haifiki huko. Tazama vichwa vya misumari kama vinalia kutu, na kalafati kama imeshika au imejazwa upya juujuu kwa ajili yako. Chombo ambacho hakijachomwa chini kwa makuti wala kupakwa deheni kwa muda mrefu kina wadudu wa baharini ndani ya mbao, na tundu la nje la mdudu huyo ni dogo sana, lakini ndani amekwisha kula njia pana.

Liko neno moja la madalali ambalo ni la hatari kwa sababu nusu yake ni kweli. Ukiona mashua inavuja watakwambia, ‘Hii imekaa juani, mbao zimekauka, ikilala majini zitafura na kuziba.' Ni kweli, mbao kavu hunywa maji zikafura. Lakini mbao zilizooza hazifuri zikaziba. Dawa yake ni nyepesi. Mwambie vizuri, kama ni hivyo iteremshwe majini ilale siku mbili, tupime maji ya ngama asubuhi na jioni. Mwenye chombo kizima atakubali. Dalali atakukumbusha watu wa Mafia.

Mashine nayo ina mambo yake. Fika mapema uiguse kabla haijawashwa. Ukiikuta ina joto ujue imewashwa kabla yako kwa sababu asubuhi huwa haiwaki. Ikiwaka, tazama kama inakojoa maji kwa nguvu, kwani isiyokojoa haipoi na itaungua. Fungua oili ya gia: ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Na namba ya mashine isomeke. Namba iliyokwanguliwa ina maana moja tu, na mtu wa kwanza kuulizwa na polisi atakuwa wewe uliyenayo, si dalali.

Mambo haya wavuvi wengi wanayajua kuliko mimi. Shida ni kwamba anayenunua siku hizi si lazima awe mvuvi mzoefu. Ni kikundi cha vijana, ni akina mama wakaanga samaki, ni mstaafu mwenye kiinua mgongo. Hao ndio chakula cha madalali.

Ninajiuliza jambo moja. Mkulima wa korosho au ufuta wa wilaya hii hii anauza kwa stakabadhi ghalani. Bei inasomwa mbele yake, hadharani, akiikataa anaikataa kwa sauti. Mfumo huo una lawama zake, na malipo yakichelewa tunawasikia wakulima. Lakini mnunuzi wa kangomba anayekwenda kumdanganya mkulima shambani kwake anajulikana kuwa ni mvunja sheria, na anakamatwa. Iweje basi kilo ya ufuta ilindwe namna hiyo, na mashua ya mamilioni ya shilingi, tena ya mkopo wa fedha za umma, iuzwe kwa mnong'ono chini ya mkorosho?

Vyombo vya uvuvi vinasajiliwa kwa mujibu wa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, vina namba ubavuni na vinakatiwa leseni. Afisa Uvuvi anazo kumbukumbu. TASAC nao wanakagua usalama wa vyombo vidogo. Katika mialo tuna vikundi vya BMU, ambavyo viongozi wake wanajua kila chombo ni cha nani, baba yake nani na kilipata ajali lini. Kwa hiyo habari zote zipo, tatizo ni kwamba hazimfikii mnunuzi mpaka amekwisha lipa.

Naomba basi ofisi za BMU ziwe na daftari moja la vyombo vinavyouzwa. Mwenye chombo aandike mwenyewe jina lake, namba ya usajili na bei anayoitaka, na likae mahali ambapo mtu yeyote anaweza kulisoma. Dalali naye aandikwe jina, na ujira wake uandikwe pamoja na nani anaulipa. Mauzo yatiwe saini na mwenye mali na mnunuzi wakiwa uso kwa uso mbele ya Mtendaji, na kama mali ni ya urithi, barua ya msimamizi kutoka mahakamani iwepo mezani. Dalali asipokee fedha ya chombo hata senti moja. Apokee ujira wake tu, baada ya mauzo, na akatiwe risiti. Najua wapo watakaosema kwamba hiyo ni kuongeza urasimu na kwamba watu wa BMU wenyewe watageuka madalali. Hilo la pili linaweza kutokea, sikatai. Lakini daftari lililo wazi ni gumu kulichezea kuliko mnong'ono, na kiongozi wa BMU huchaguliwa na wavuvi wenyewe, tofauti na dalali ambaye hakuchaguliwa na mtu.

Kwa upande wa halmashauri zetu, nashangaa kwamba kikundi kinadaiwa katiba, muhtasari wa kikao na akaunti ya benki kabla ya kupewa mkopo, lakini kikishapewa hakuna anayekiuliza kimenunua chombo kwa nani. Afisa Maendeleo ya Jamii angeweza kabisa kufuatana na Afisa Uvuvi siku ya kununua. Ni safari ya siku moja ya pikipiki. Au fedha ya chombo ilipwe moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenye mali baada ya ukaguzi, kama inavyolipwa kwa mwenye duka la vifaa vya ujenzi wa madarasa yetu.

Vijana niliowataja bado wanarejesha. Watatu wameacha bahari wanachoma mkaa, na wengine wanavua kwa kukodi ngalawa za watu na kutoa nusu ya samaki. Shauri la mirathi limepangiwa tarehe katika Mahakama ya Mwanzo. Dalali nilimwona wiki iliyopita gatini akiwaonyesha wageni wawili mashua nyingine, maji yakiwa yamejaa. Ningependa Afisa Uvuvi wa wilaya yetu, kama anasoma ukurasa huu, atujibu hapahapa kama ofisi yake inamfahamu mtu huyo kuwa dalali, na kwa karatasi ipi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
(Jina limehifadhiwa)
Wilaya ya Kilwa.