Kung'oa DPF si ufundi, ni kuzima king'ora nyumba ikiungua

Leo nitasema jambo litakalowaudhi mafundi kadhaa na wenye magari wengi zaidi. Hii desturi ya kutoboa kichujio cha masizi cha gari la dizeli, kile kinachoitwa DPF, kisha kuchomelea ganda lirudi kama lilivyokuwa na kubadilisha programu ya kompyuta ya gari ili isiseme neno, si ufundi. Ni udanganyifu. Na wanaoulipia ni wale wanaovuta hewa ya Kitale na Bungoma, wengi wao hata gari hawana.

Najua hapa huwa tunaongea programu, si magari. Subirini kidogo. Hii ni habari ya programu kuliko mnavyodhani.

Kidude chenyewe

DPF hukaa kwenye ekzosi. Ndani ni kama sega la nyuki la kauri, lenye vijia vingi vyembamba vilivyozibwa kwa kupokezana: kimoja kimezibwa mbele, jirani yake kimezibwa nyuma. Moshi unalazimika kupenya kwenye kuta. Hewa inapita, masizi yanabaki.

Bila shaka kitajaa, na waliokitengeneza walijua hivyo. Kompyuta ya gari inakisia kiasi cha masizi kwa namna mbili: sensa inayopima tofauti ya presha kabla na baada ya kichujio, na hesabu ya jinsi gari lilivyoendeshwa. Yakifika kiwango fulani inaongeza dizeli kidogo kwa kuchelewa, joto linapanda hadi kama nyuzi 600 za Selsiasi, na masizi yanaungua. Kazi hiyo huchukua kama dakika 10 hadi 20 za mwendo usiokatizwa. Ukizima injini katikati, kazi inakatika, masizi yanabaki, na sehemu ya ile dizeli ya ziada inateremka kwenye oili.

Sasa mtazame mtu wa Kitale aliyenunua Mazda CX-5 ya dizeli kutoka Japani. Asubuhi ya baridi, mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, anapeleka watoto shule. Kisha benki. Kisha sokoni. Kisha nyumbani. Kila safari ni dakika saba. Injini haipati joto hata siku moja. Halafu taa ikiwaka tunashangaa?

Na kuna jambo linalonikera kuliko yote: ujumbe wa onyo kwenye magari mengi haya ni wa Kijapani, na kitabu cha maelezo ni cha Kijapani. Gari linamwomba mwenyewe alipe nusu saa ya barabara, naye anaona michoro tu. Muuzaji aliyepokea mamilioni hakuona haja ya kutafsiri ukurasa mmoja.

Tunafuta jaribio ili programu ipite

Mwandishi wa programu yeyote anaijua dhambi hii. Jaribio linashindwa, tarehe ya kukabidhi kazi ni kesho, basi unafuta jaribio. Kila kitu sasa ni kijani! Hitilafu ipo palepale, ila hakuna anayekuambia.

Ndivyo ilivyo "kufuta DPF". Fundi anachomeka laptopu, anasoma faili la kompyuta ya gari, anaweka jingine lililohaririwa na mtu asiyejulikana, aliyeko nchi isiyojulikana, ambaye hajawahi kuliona gari lako. Humo namba za hitilafu kama P2002 na P2463 zimezimwa kabisa. Ukimwuliza nakala ya faili la asili iko wapi, mara nyingi hana. Sisi tukifanya kazi hivyo tunafutwa.

Tena tunaujua udanganyifu huu kwa jina kubwa. Septemba 2015 dunia iligundua kwamba Volkswagen iliweka programu iliyotambua gari likiwa kwenye kipimo cha moshi na kujifanya safi, kisha likitoka barabarani linarudi kuchafua. Magari kama milioni 11. Tulipiga kelele, tukasema Wazungu ni waongo. Leo tunalipa pesa zetu wenyewe tufanyiwe jambo la ukoo huohuo nyuma ya kituo cha mafuta.

Visingizio

"DPF si ya Afrika, mafuta yetu ni machafu." Hili lilikuwa na ukweli zamani, kiwanda cha Changamwe kilipokuwa kikisafisha mafuta. Kiwanda hicho kilisimama 2013, na tangu Januari 2015 kiwango cha salfa katika dizeli yetu kilishuka hadi sehemu 50 kwa milioni. Peugeot ilipoweka kichujio cha namna hii kwenye 607 mwaka 2000, sheria ya Ulaya iliruhusu hadi 350. Kweli, Japani wanatumia 10, na kichujio kingependa hiyo. Kweli pia, kuna matapeli waliokuwa wakichanganya dizeli na mafuta ya taa, hata serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuwakatisha tamaa. Basi nunua dizeli kwenye kituo unachokiamini. Hiyo si sababu ya kutoboa kichujio.

"Gari limepata nguvu baada ya kutoa." Mtu aliyefungwa kitambaa mdomoni ukimfungua atapumua vizuri. Linganisha na gari lenye kichujio safi, si na lililoziba.

"Malori na matatu yanatoa moshi mweusi kila siku, gari langu moja litaongeza nini?" Hii ndiyo hoja ya kila anayetupa taka mtoni. Watu wa Webuye wanajua vizuri sana maisha chini ya bomba la mwingine. Miaka mingi walilalamikia harufu na moshi wa kiwanda cha karatasi cha Pan Paper, mpaka kikafungwa 2009. Angalau kiwanda kile kiliwapa watu ajira. Gari lako lililotobolewa linampa nini mwendesha boda aliyesimama nyuma yako, au mama anayechoma mahindi kando ya barabara?

Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na sigara. Chembe zake ni ndogo kiasi cha kuingia hadi ndani kabisa ya mapafu. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alitikisa chupa ya masizi mbele ya waandishi wa habari, na kufikia Oktoba 2003 jiji lake likapiga marufuku dizeli chafu. Kichujio kilicho chini ya gari lako ni tunda la ugomvi huo. Wao walipigania hewa yao, sisi tunaitoboa kwa nyundo.

"Kichujio kipya ni ghali mno." Hapa nanyamaza kidogo, kwa sababu ni kweli. Lakini nani kasema ununue kipya?

Fanya hivi kwanza

1. Soma namba ya hitilafu kabla ya mtu kushika spana. Kifaa kidogo cha bluetooth chenye chipu ya ELM327 na programu ya simu vinatosha kuanzia. P2463 inasema masizi yamejaa. P242F inasema majivu. Hivi ni vitu viwili tofauti! Masizi huungua, majivu hayaungui kamwe.

2. Kama ni masizi na taa ndiyo kwanza imewaka, lipeleke gari barabarani. Barabara ya Kitale kupitia Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha Bungoma, ni dawa nzuri. Kwenda ni mteremko, injini haibebi mzigo. Kurudi unapanda karibu mita 500, na hapo ndipo joto linapatikana. Usikimbie, nenda mwendo mmoja bila kuzima.

3. Usiegeshe juu ya mabua makavu ya mahindi au majani ya miwa gari likiwa linajisafisha. Ekzosi ya nyuzi mia kadhaa na shamba la Trans Nzoia baada ya mavuno havipatani.

4. Pima oili. Kijiti cha injini hizo za Mazda kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikifika hapo, dizeli imeingia kwa wingi, imwage. Na weka oili ya majivu machache iliyoandikwa kwenye kitabu, si yoyote iliyo kwenye rafu. Majivu ya oili ndiyo yanayoua kichujio.

5. Tafuta chanzo. Nozeli inayovuja, turbo inayopitisha oili, paipu ya hewa iliyopasuka, vali ya EGR iliyoganda, au themostati iliyokwama wazi hadi injini haipati joto. Kichujio kilichoziba mara nyingi ni shahidi tu. Ukimwondoa shahidi, mhalifu bado yumo ndani ya injini. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

6. Ikiwa imezidi, kitolewe kisafishwe nje ya gari kwa hewa na maji, kikaushwe, kirudishwe, na hesabu ya kompyuta irudishwe sifuri. Fundi wa jua kali mwenye uvumilivu anaiweza kazi hii. Hapo ndipo ufundi ulipo, na hapo nitamlipa bila kupatana bei.

Wa kulaumiwa

Sitamwachia fundi mzigo wote. Watengenezaji wa magari wameficha maelezo na vifaa vya kusoma kompyuta zao kana kwamba ni siri za kijeshi, halafu fundi wa Bungoma anaambiwa hajui kazi. Angejuaje? Faili la wizi la kufuta DPF analipata kirahisi kuliko mwongozo halali wa kuitengeneza. Hiyo ni aibu ya wenye viwanda.

Na serikali? Tuna kanuni za ubora wa hewa zinazokataza gari kutoa moshi uliozidi kiwango. Tunakagua umri wa gari bandarini, lisizidi miaka minane, kisha likishatoka Mombasa nani anatazama tena ndani ya ekzosi?

Basi ombi langu ni dogo. Muuzaji, tafsiri ule ukurasa mmoja. Fundi, ukiombwa kutoboa, kataa, au angalau mwambie mteja ukweli wa anachokinunua. Nawe mwenye gari, kama safari zako zote ni za dakika saba mjini, usinunue dizeli. Nunua ya petroli, tupumue.

Kama una kifaa cha kusoma namba na uko kati ya Kitale na Bungoma, andika hapo chini kwenye maoni gari ni gani, namba gani ilitokea na nini kiliitibu. Tukikusanya za kutosha nitazipanga kwa jedwali, mafundi walichukue bure. Wanaotaka kunitukana nao karibuni, ila leteni hoja.