Mheshimiwa Waziri wa Nishati, hesabu mitungi inayojazwa

Mheshimiwa Waziri,

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa. Lengo ni jema, na mitungi ya kilo 6 inayotolewa kwa ruzuku tumeiona. Shida inaanza gesi inapokwisha.

Pita uswahilini jioni. Mama anakaanga mihogo barazani kwa jiko la mkaa; mtungi uko ndani, juu yake pamewekwa ndoo. Kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Mkaa anaupata gengeni kwa kopo, kwa pesa aliyoipata leo, na siku akikwama anakopeshwa. Ukijumlisha mwezi mzima pengine mkaa unamla zaidi, lakini yeye halipwi kwa mwezi.

Makopo hayo ndiyo yanayomaliza miombo ya Kisarawe na Rufiji, kwa matanuri ya udongo ambamo sehemu kubwa ya mti huishia moshi. Tathmini ya taifa ya misitu, NAFORMA, ilikadiria mwaka 2015 kwamba tunapoteza hekta 372,000 hivi kila mwaka. Mashamba nayo yamo, tena sana. Mchoma mkaa asibebeshwe lawama zote. Ila mti ukiungua, kaboni iliyokaa ndani yake miaka mingi inarudi angani kuongeza joto, joto linavuruga misimu ya mvua, na ardhi iliyobaki wazi haishiki hata ile kidogo inayonyesha. Vuli ya 2022 mvua zilikawia, Mto Ruvu unaotoka Uluguru ukapungua, Dar es Salaam ikaingia kwenye mgao wa maji. Tulinunua maji ya madumu, tukayachemsha kwa mkaa.

Ombi langu ni hili: ruzuku iende kwenye gesi yenyewe, si kwenye mtungi peke yake. Mita za gesi zinazomruhusu mtu kulipa kidogo kidogo kwa simu zipo. Zifikishwe kwa muuza mihogo, anunue gesi ya elfu moja kama anavyonunua kopo. Na ukisimama Bungeni kusoma bajeti, usituambie mitungi mingapi imegawiwa. Hiyo inatosha kwa picha za uzinduzi. Tuambie mingapi imerudi kujazwa mara ya pili, na ya tatu.

Wako,
Mkazi wa Mbagala