PETROLI NA MGUU WA DEREVA

Ifikapo tarehe 14 ya kila mwezi, wenye magari katika Kenya hutega masikio wapate kujua bei ya petroli itakayoanza kesho yake, nao huizungumza kama watu wazungumzavyo mvua. Bei haimo mikononi mwetu. Mnamo Oktoba 2023 lita moja mjini Nairobi ilifika shilingi 217 na senti 36, wala hakuna dereva aliyeulizwa. Lakini kiasi kinachochomwa njiani kimo chini ya mguu wa dereva mwenyewe.

Tumfikirie karani akaaye Kitengela na kufanya kazi Nairobi, aendaye kilomita 60 kwa siku, siku 22 za mwezi. Jumla ni kilomita 1,320. Gari lake likienda kilomita 11 kwa lita, atahitaji lita 120. Likienda kilomita 12, lita 110 zatosha. Tukikadiria lita kwa shilingi 180, tofauti ni shilingi 1,800 kwa mwezi, na kwa mwaka 21,600. Mwenye watoto shuleni ajua fedha hizo zafanya nini mwezi wa Januari.

Kilomita hiyo moja aitafute wapi? Kwanza ajue gari lake lala kiasi gani, maana wengi hukisia tu. Ajaze tangi mpaka pampu ikatike, aandike kilomita katika daftari. Atakapojaza tena, agawe kilomita alizokwenda kwa lita alizotia.

Kisha autazame mwendo wake. Gari likitoka mwendo wa kilomita 80 kwa saa hata 110, nguvu ya hewa inayolizuia hukaribia kuwa maradufu. Mjini hasara ni ya namna nyingine: dereva hukanyaga mafuta kwa hasira, kisha hufunga breki mbele kidogo, na petroli yote aliyoichoma imegeuka joto la breki. Foleni ikisimama kabisa, azime injini, kwani injini ndogo ingurumayo bure huweza kula nusu lita kwa saa, au zaidi. Upepo wa mipira upimwe ingali baridi, kwa kadiri iliyoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Keria tupu juu ya paa nayo iondolewe.

Liko jambo moja ambalo madereva wengi hudhani ni akiba, nalo ni kutoa gia mteremkoni, ambako wenyewe hukuita kwenda "fri". Zamani za kabureta wazee walikuwa na sababu kidogo. Magari ya siku hizi hayako hivyo. Gari likiteremka ndani ya gia, na mguu umeondolewa kwenye mafuta, mitambo hukata petroli yenyewe, na magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Ukitoa gia, injini lazima ilishwe petroli isizimike. Basi mwenye kwenda fri hulipa zaidi, tena huikosa injini ya kulizuia gari, na mzigo wote huiangukia breki mpaka zishike moto na kulegea. Katika mteremko wa Salgaa na Sachangwan madereva wa malori wamelaumiwa mara nyingi kwa desturi hii, na waliokufa huko si wachache. Azimaye injini kabisa hufanya vibaya kupita wote, kwa kuwa breki huwa nzito na usukani vilevile.

Kwa mkulima mwenye pikapu, faida kubwa zaidi haimo katika gari bali katika safari zenyewe. Majirani wawili wapelekao maziwa mahali pamoja kila asubuhi wanaweza kupokezana zamu, kila mmoja akachukua madebe ya mwenzake, na petroli ya kila mmoja ikapungua karibu nusu. Ugomvi huzuka mpira unapotoboka siku ya zamu ya mmoja wao; hilo yafaa wapatane kabla ya safari ya kwanza.