Nyati na Mdudu Asiyeonekana



Mwulize mtoto wa kwetu huku kando ya hifadhi ni mnyama gani anayemtisha. Atakujibu upesi: nyati. Hakosei. Dume hufikia kilo 800, na akijeruhiwa humgeukia mwindaji. Lakini chakula chake ni majani tu, na kishindo chake unakisikia mapema.

Kimelea cha malale hakina kishindo. Vipange thelathini kichwa kwa mkia, havitazidi milimita moja. Huishi ndani ya mbung'o, na mbung'o akimwuma nyati, kimelea huingia katika damu ya nyati na kukaa humo bila kumwuguza. Mbung'o mwingine humnyonya nyati huyo, kisha anamwuma mumeo aliyekwenda kurina asali.

Nyati ana ngozi ileile tangu kuzaliwa. Kimelea hiki hubadili koti. Mwili ukishaandaa askari wa kulitambua koti la kwanza, vingine vimekwisha vaa jipya. Ndiyo sababu homa huja na kuondoka, na ndiyo sababu hadi leo hatuna chanjo.

Hapa wauguzi nasi hukosea. Nilimpokea baba mmoja mwenye homa, kichwa kinamwuma. Alikuwa ametibiwa malaria mara mbili. Mara ya tatu nilimpa dawa mimi mwenyewe. Mkewe ndiye aliyenishtua: "Dada, mchana analala hata akiwa anakula, usiku hapati usingizi." Tulipopima damu kwa hadubini, vilikuwa vinacheza humo. Vilikuwa vimekwisha fika kwenye ubongo.

Kwa hiyo, mama, homa ikikataa dawa ya malaria, mwambie mganga wazi kwamba mgonjwa alikwenda porini. Mwonyeshe na kidonda chochote mahali alipoumwa. Usingoje kuulizwa, maana bila matibabu malale ya huku Afrika Mashariki huua kwa miezi michache. Zamani waliochelewa walichomwa dawa yenye sumu ya arseniki, ambayo iliwaua baadhi yao. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vidonge vya feksinidazoli.

Chandarua hakitamsaidia, kwani mbung'o huuma mchana, tena hupenya kitambaa chepesi. Mtafutie shati zito la mikono mirefu, rangi ya kaki. Lile la buluu alivae kanisani. Mbung'o huvutiwa sana na buluu na nyeusi.