Tufungue Mfuko wa Wasio na Hisa

Ndugu zangu wa Turwa, nanyi nyote wa Tarime na Serengeti, nina ombi kuhusu sanduku la kikoba, yaani kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, ila kwanza nivumilieni nipitie kwa mhubiri mmoja wa Uingereza, John Wesley, mwanzilishi wa Umethodisti.

Mwaka 1705 Wesley alikuwa mtoto wa miaka miwili. Baba yake, kasisi wa Epworth, alikamatwa kwenye uwanja wa kanisa lake mwenyewe, akatiwa gerezani Lincoln kwa deni lisilofika pauni 30. Mtoto huyo alipokua akapata kazi Oxford, alijipangia kuishi kwa pauni 28 kwa mwaka. Alipolipwa 30, alitoa 2 kwa maskini. Alipolipwa 60, alitoa 32. Pato likafika 120, na yeye bado akaishi kwa 28.

Aliamini kwamba neema ya Mungu ni ya kila mtu, wala haimngojei mtu awe msafi au tajiri kwanza. Ndiyo maana mwaka 1739 alitoka nje ya kuta za kanisa, akawahubiria wachimbaji wa makaa ya mawe wa Kingswood, karibu na Bristol, watu ambao wakubwa wa mji waliwaona kama wahuni tu. Ndugu zangu wachimbaji wa Nyamongo, nadhani mnanielewa. Kuhusu fedha alifundisha kwamba mtu atafute kwa bidii, atunze alichopata, kisha atoe. Lakini asitafute kwa kuuza afya yake, na akazitaja kabisa kazi za aseniki na moshi wa risasi inayoyeyushwa. Anayechoma dhahabu yenye zebaki kwenye jiko la mkaa huku mtoto yuko mgongoni, naye ajihesabu amehubiriwa.

Nilichotaka kusimulia hasa ni hiki. Mwaka 1742 waumini wa Bristol walikuwa na deni la nyumba yao ya mikutano. Ikapendekezwa kila mtu achange peni moja kwa wiki. Mmoja akasema wengi ni maskini, hawataweza. Hapo muumini mmoja, Kapteni Foy, akasimama: nipeni kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, na asiyeweza nitamlipia mimi. Wengine wakafuata mfano wake. Walipoanza kupita nyumba kwa nyumba wakagundua mambo ambayo kitabu cha michango kisingeyaonyesha: nani anaumwa, nani amerudia pombe, nani hasemezani na mkewe. Hivyo ndivyo madarasa ya Kimethodisti, yaani vikundi vidogo vya waumini wanaojuliana hali, yalivyoanza.

Mwaka 1746 Wesley akaanzisha mfuko wa kukopesha maskini. Mchango wa kwanza ulikuwa pauni 30 na shilingi 16. Kila mkopaji alipewa shilingi zisizozidi 20, akazirejesha kidogo kidogo kila wiki kwa miezi mitatu. Katika miezi 18 watu 255 walisaidika kwa fedha hizo hizo zilizokuwa zikizunguka. Baadaye fundi viatu mmoja, James Lackington, alikopa kwenye mfuko huo pauni 5 za kukuzia duka lake, akaishia kuwa mmoja wa wauza vitabu wakubwa kabisa wa London.

Wamethodisti walifika Ribe, karibu na Mombasa, mwaka 1862. Huku kwetu Injili ililetwa zaidi na wengine, wakiwamo Wamennonite waliofungua kituo Shirati mwaka 1934. Simwiti mtu kubadili dhehebu, na ombi langu linamhusu Mwislamu kama linavyomhusu Mkristo.

Turudi kwenye sanduku letu: tazameni mkutano wa kikoba. Washika funguo watatu wanafungua sanduku, kila mmoja kufuli lake. Hisa zinanunuliwa, faini ya aliyechelewa inalipwa kwa utani na makofi. Sasa mtazameni mama muuza maandazi anayepita na beseni lake: hana hisa hata moja, kwa hiyo hana pa kukopa. Mtoto akiugua, huyo huenda kwenye mikopo ya riba kubwa iitwayo kausha damu, na mwezi unaofuata sufuria na godoro vinatolewa nje majirani wakitazama. Sisi tuliokaa kwenye kikoba ndio majirani hao.

Naomba basi kila kikoba kiweke bahasha ya pembeni. Mkiwa wanachama 25 na kila mmoja akaweka shilingi 500 kwa wiki, kwa wiki nne mna 50,000. Mkopesheni mtu mmoja asiye mwanachama, bila riba, arejeshe kama 4,200 kila wiki kwa wiki 12. Mwanachama mmoja awe Foy wake: ampitie nyumbani, amjulie hali kabla ya kumdai. Akimaliza, akopeshwe mwingine, na huyo aliyemaliza mkaribisheni anunue hisa yake ya kwanza. Akishakuwa ndani ya kikundi kilichosajiliwa, hata mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, anaweza kuiomba pamoja na wenzake, kikundi kikitimiza masharti.

Vikoba vingi huvunjwa mwishoni mwa mwaka. Kabla hamjapanga bei ya hisa ya mzunguko mpya, wekeni jambo hili kwenye ajenda, liandikwe kwenye katiba yenu, na muulizane siku hiyo hiyo: wa kwanza tumkopeshe nani?